Uzoefu wangu na kamera ya nyuma ya kujifungia: picha sina neno nayo, umeme ndio wenye kazi

Kamera ninayoizungumzia ni ile ndogo ya waya inayokaa juu ya kibao cha namba, yenye kebo ya video ya mita 6 na waya mwekundu mwembamba unaotembea sambamba na kebo hiyo. Imeungwa na redio ya skrini ya Android, kwenye gari dogo la volti 12. Naipa alama nne kati ya tano. Hiyo moja imepotea kwenye kijikaratasi cha maelekezo, kinachosema uunge waya mwekundu kwenye taa ya rivasi basi, kana kwamba taa za rivasi za magari yote ni za aina moja.

Si za aina moja. Kwenye magari ya zamani taa hupata umeme moja kwa moja kutoka swichi ya gia, na hapo kamera hufanya kazi bila tatizo. Kwenye magari ambayo kompyuta ndiyo inayowasha taa, hasa zikiwa za LED, umeme huja kwa kukatikakatika kwa kasi ambayo jicho halioni. Taa haijali. Kamera inajali sana: picha hucheza, huzima na kuwaka, au skrini inabaki nyeusi huku ukidhani umeuziwa kamera mbovu. Kwa hiyo kabla ya kukata waya, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye matairi, washa swichi bila kuwasha injini, ingiza rivasi, kisha pima kwenye soketi ya taa kwa maltimita. Ukipata volti 12 zilizotulia, endelea. Ukipata namba ndogo kuliko ya betri, au inayorukaruka, unahitaji filta ya kuutuliza umeme.

Filta hiyo inauzwa ikiwa tayari, lakini hata kuitengeneza si kazi kubwa. Ni diodi 1N4007 (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa chanya, mstari wake ukielekea kamera, halafu kapasita (inayotunza umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 2200 yenye volti 25 kati ya waya huo na ethi, yaani upande wa hasi ulioungwa na bodi, ikae baada ya diodi. Mguu wa kapasita wenye alama ya kutoa ndio uende ethi; ukiugeuza, kapasita huvimba na hata kupasuka. Kamera yenyewe hula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya ampea 0.2, ndiyo maana kapasita ya kiasi hicho inatosha kuziba mapengo. Rilei ya kawaida, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, peke yake haisaidii hapa: inapokea umeme uleule wa kukatika na kuanza kugongagonga.

Weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na pale unapochukua umeme. Kwa malori ya volti 24, hakikisha kwanza kamera yenyewe imeandikwa inapokea hadi 24. Vinginevyo weka kipunguza volti.

Ethi nayo ina vituko vyake. Mistari inayopanda polepole kwenye picha, hasa injini ikinguruma, mara nyingi inatokana na ethi ya kamera na ya redio kukaa kwenye sehemu za bodi ambazo volti zake hazilingani. Usifunge ethi kwenye kifuniko cha buti, kwa sababu njia yake ya kurudi inapita kwenye bawaba zenye rangi na grisi. Tafuta bolti ya bodi ndani ya buti, kwangura rangi mpaka chuma king'ae, kaza kwa spana namba 10. Mistari ikibaki, vuta waya wa ethi wa kamera mpaka kwenye ethi ya redio.

Sehemu inayokula muda ni kupitisha kebo kwenye ule mpira wenye mikunjo kati ya bodi na kifuniko cha buti. Kichwa cha video ni kinene mno kwa pale, hivyo pitisha upande wenye plagi ndogo ya pini nne. Chukua waya mgumu, funga plagi nyuma ya ncha yake, si ubavuni, uviringishe tepu iwe nyembamba kama penseli, paka maji ya sabuni, kisha vuta ukiwa umeunyoosha mpira kwa mkono wa pili. Ukitumia nguvu bila sabuni utauchana, na maji ya mvua yataingilia hapo. Unganisho lote likae ndani ya buti, waya ukining'inia kidogo chini yake ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika kwenye plagi.

Kutoka hapo kebo hulala chini ya kava za kizingiti cha mlango. Kaa mbali na mtambo wa mkanda wa kiti. Kwenye nguzo ya mbele, kama kuna mfuko wa hewa wa pazia, kebo ipite nyuma yake. Ikipita mbele, mfuko ukifunguka utairusha.

Sasa skrini. Ncha ya mbele ya ule waya mwekundu unaotembea na kebo huenda kwenye waya wa redio wenye kikaratasi cha BACK au REVERSE. Bila huo, skrini haitabadilika yenyewe ukirudi nyuma. Picha ikija nyeusi na nyeupe au ikiviringika, angalia kwenye redio mpangilio wa PAL na NTSC, mifumo miwili ya video ambayo kamera na redio lazima zikubaliane. Kamera ya AHD (mfumo wa video ya analogi yenye picha kali zaidi) kwenye redio isiyoijua AHD haitoi picha ya maana, hata uunge vizuri vipi. Kama kamera ina vile vitanzi viwili vya waya, kwa kawaida kimoja kikikatwa mistari ya kuegesha hutoweka, na kingine hugeuza kushoto na kulia. Soma lebo yake kwanza, maana rangi hazifuati kanuni.

Mistari hiyo ya kuegesha, inayokuonyesha umbali, usiiamini kabla ya kuipima. Bandika tepu sakafuni mita 0.5, 1 na 2 kutoka kwenye bampa, kisha inamisha kamera mpaka ukingo wa bampa uonekane chini kabisa ya picha. Lenzi pana hufanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo. Na nyuzi 170 za kwenye boksi hupimwa kona hadi kona. Kwa mlalo unapata pungufu.

Kwa kasi ya kuonyesha picha, kipimo changu ni sheria ya Marekani, ambayo tangu Mei 2018 inataka kila gari jipya dogo liwe na kamera ya nyuma, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Redio ikiwa imeshawaka, hii inafika. Ikiwa ndiyo kwanza inawaka kutoka kuzimwa kabisa, haifiki, ila hilo ni la redio.

Usiku, vile vitaa vidogo kuzunguka lenzi ni urembo tu. Mwanga wa maana unatoka kwenye taa za rivasi. Ukiona ukungu ndani ya kioo asubuhi, maji yameshaingia kwenye kamera, na kufuta kwa nje hakutasaidia.