Amplifaya ya muziki nyumbani kwa bajeti ndogo: ipi ianze, ipi iachwe

Boksi lililoandikwa wati 1,200 za PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kitambo kifupi, lirudishe kwenye rafu. Namba hiyo haina kanuni moja ya kuipima. Kila kiwanda hujitungia yake. Tafuta wati za RMS, yaani zile inazotoa mfululizo, zikitajwa pamoja na omu za spika (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) na pande zote mbili, kushoto na kulia, zikiwa zinapiga. Nazo hazihitajiki nyingi kama watu wanavyodhani. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa takribani desibeli 87 ukiipa wati 1 na kukaa mita 1 mbele yake. Ipe wati 10, inafika 97, na hapo jirani ameshakujua. Ili upate desibeli 3 zaidi lazima wati ziwe maradufu, kwa hiyo anayelipia zaidi ili atoke wati 40 aende 50 analipia kitu ambacho sikio lake halitakisikia. Pesa hiyo iende kwenye spika.

Kwangu mimi nafasi ya kwanza ni amplifaya ya stereo iliyokwishatumika: Yamaha, Denon, Pioneer, NAD na wenzao, zile nzito zenye transfoma kubwa. NAD 3020 ilitoka 1978 na kuandikwa wati 20 tu kwa kila upande, lakini bado ina wapenzi. Sharti ni moja: uijaribu kabla ya kulipa. Nenda na simu, waya wa kuiunganisha na amplifaya, na spika ambayo hata ikiungua hutalia. Nyingi ukiziwasha hunyamaza sekunde chache, kisha relei, swichi inayounganisha spika, inalia "tik" ndani. Ikiwa ni ya aina hiyo na relei hailii, mfumo wa kinga umegoma, achana nayo. Zungusha kitufe cha sauti taratibu. Mkwaruzo kwa kawaida ni uchafu tu, fundi atausafisha, na wewe umepata sababu ya kuomba bei ishuke. Muungurumo unaobaki palepale hata sauti ikiwa sifuri ni habari nyingine, mara nyingi kapasita, vile vipande vinavyotuliza umeme ndani, zimechoka. Mwenye mita ya kupimia umeme apime volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika kabla ya kuunganisha chochote: chini ya milivolti 50 hakuna shida, lakini ukikuta volti kadhaa, spika zako zitaungua. Soma pia maandishi ya mgongoni. Za soko la Japani hutumia volti 100 na za Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa 230, biashara imeishia hapo.

Kama huwezi kuijaribu, ruka uende nafasi ya pili: amplifaya ndogo za daraja D, aina inayokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi sana, za Fosi Audio, Aiyima na kadhalika. Zinaenea kiganjani, hazipati joto sana, na kwa bei yake sauti ni safi ajabu. Ujanja wa wauzaji uko kwenye adapta. Chipu ya TPA3116, iliyomo kwenye nyingi za bei ya chini, hutoa takribani wati 50 kwa kila upande ikipewa volti 21 na spika za omu 4, na hapo sauti imeshaanza kupasuka. Spika za omu 8 hupata karibu nusu yake. Sasa mtu anakuuzia "wati 100 mara mbili" na adapta ya volti 19, ampea 3. Zidisha: ni wati 57 kwa pande zote mbili, kabla hata ya kutoa kinachopotea njiani. Chukua adapta ya volti 24, ampea 5, hata kama inauzwa peke yake.

Ya tatu ni risiva ya sinema ya nyumbani ya zamani, yaani amplifaya ya spika nyingi za filamu, isiyo na HDMI, tundu la kuunganishia TV za kisasa. Watu huzitoa karibu bure kwa sababu hiyo tu, ilhali kwa muziki wa spika mbili zinapiga vizuri. Ni kubwa na zinakula umeme, basi.

Amplifaya mpya kabisa ya stereo kutoka kampuni kubwa naiweka ya nne. Haina kosa, ina dhamana, ila inameza fedha ambazo zingenunua spika bora. Za valvu, zile zinazokuza sauti kwa taa za kioo, usiziguse kwa bajeti hii. Kwenye za bei ya chini taa hizo mara nyingi ni za kupamba tu.

Asiye na spika kabisa asihangaike na orodha hii. Anunue jozi ya spika zenye amplifaya ndani, azichomeke, asikilize.

Mwenye santuri ana jambo moja zaidi: atafute tundu lililoandikwa PHONO. Amplifaya kuukuu nyingi zinalo, ndogo za daraja D kwa kawaida hazina, na bila hilo, au kifaa cha pembeni cha kazi hiyo, sauti itatoka nyembamba na ya chini hata ukimaliza kitufe chote.