Gharama za kesi: bajeti ya mapema Uingereza, au ukadiriaji wa mwisho Tanzania?

Anayeshindwa hulipa gharama. Kwa hilo mahakama za England na za Tanzania zinaafikiana. Tofauti ni lini gharama hizo hupigiwa hesabu.

England, tangu Aprili 2013, katika madai mengi makubwa wakili hupanga bajeti kabla kesi haijakomaa: hatua kwa hatua, kuanzia nyaraka na mashahidi hadi usikilizwaji. Madai yakiwa pauni 50,000 au zaidi, bajeti huwasilishwa siku 21 kabla ya kikao cha kwanza cha kupanga mwenendo wa kesi. Ukichelewa, unahesabiwa umeomba ada za mahakama tu, hata kesi iwe nzito namna gani. Adhabu hiyo inauma. Na ukivuka bajeti iliyoidhinishwa, ziada hupati bila sababu ya msingi.

Tanzania hakuna bajeti. Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inakupa siku 60 tangu mahakama iamuru ulipwe gharama kuwasilisha hati ya madai ya gharama kwa afisa mkadiriaji, anayeamua kiasi gani kilipwe. Tunza risiti tangu siku ya kwanza, maana akizitaka na huna, kipengele hukatwa. Usiongeze chumvi: ukidai milioni 12, ukiacha ada za mahakama, zikakatwa zaidi ya milioni 2, yaani moja ya sita, unakosa gharama za ukadiriaji wenyewe.

Kwa mteja, bajeti ni bora: anajua mapema hatari anayobeba.