Mkongojo au fremu ya kutembelea: bibi ashike kipi?

Mkongojo ni mwepesi, unapita uchochoroni na hata kwenye ngazi. Unamfaa mzee ambaye mguu mmoja tu ndio unaolegea, na hushikwa upande wa mguu mzima, si ule unaouma. Wengi hukosea hapo. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, akisimama wima mikono ikining'inia. Tazama ncha pia: mpira ukishalika, kwenye sakafu yenye maji unateleza kama sabuni. Bibi yangu alianguka hivyo, mlangoni mwa bafu.

Fremu ya miguu minne humfaa anayeyumba huku na huku. Ila inataka mikono yote miwili, kikombe cha chai hakibebeki, na mchangani inakwama. Kwa anayeyumba ningechagua fremu bila kusita, na mikeka inayokunjika njiani ningeiondoa leo hii.