SSD ipi ununue ukiwa Mtwara: mpangilio kwa mwenye kompyuta mpakato ya zamani

Karani wa chama cha ushirika ambaye kompyuta yake mpakato humchelewesha msimu mzima wa korosho huambiwa anunue nyingine, ilhali mara nyingi kinachomkwamisha ni hadidiski peke yake. Sahani za hadidiski nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika na kusoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde, kasi ambayo huporomoka mafaili yakiwa madogo na yametawanyika. SSD, yaani diski inayohifadhi mafaili kwenye chipu, ikiwa ya SATA, kiunganishi kilekile cha hadidiski, hufikia karibu megabaiti 550, na kwa kuwa haina kinachozunguka, haisumbuliwi na mtikisiko wa bodaboda. Katika kupanga chaguo hizi nimetanguliza dhamana kuliko kasi, kwa sababu diski iliyoagizwa Kariakoo ikifa, kuirudisha ni safari ya zaidi ya kilomita 500.

Nafasi ya kwanza naipa SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye GB 500, ya mtengenezaji anayefahamika. Samsung 870 EVO na Crucial MX500 zote zina dhamana ya miaka 5 na zina DRAM, kumbukumbu ya ndani inayosaidia diski kutunza kasi inapofanya kazi nyingi kwa pamoja. MX500 ya ukubwa huo imekadiriwa kuandikwa terabaiti 180 kabla ya kuchakaa. Anayeandika GB 20 kila siku angehitaji zaidi ya miaka 20 kuzimaliza. Inunue kwa muuzaji wa Mtwara au Lindi mjini anayetoa risiti yenye namba ya diski, hata akizidisha bei kidogo. Wakati wa kuifunga, angalia unene: SSD hizi zina milimita 7, wakati baadhi ya kompyuta za zamani zilitengenezewa diski ya milimita 9.5, hivyo fundi makini huongeza fremu ya plastiki ili diski isicheze na kuachia kiunganishi.

NVMe, SSD ya umbo la kadi nyembamba inayochomekwa kwenye ubao mama, ni ya pili, na ni kwa kompyuta yenye nafasi yake tu. Kwa njia ya data iitwayo PCIe 3.0 inaweza kufikia megabaiti 3,500 kwa sekunde, ingawa anayeandika barua na kujaza majedwali hataiona tofauti hiyo. Hapa ndipo wengi hununua kisichoingiliana, kwa sababu zipo SSD za M.2, jina la umbo hilo la kadi, zinazotumia SATA na kwa umbo zinafanana mno na NVMe. Kwa kawaida NVMe ina pengo moja kwenye meno yake na ile ya SATA ina mawili, lakini usitegemee jicho: nakili modeli iliyo chini ya kompyuta, usome maelezo ya mtengenezaji kabla ya kutoa fedha.

Ya tatu ni SSD ya GB 240 isiyo na DRAM, kama Kingston A400 au Crucial BX500, zenye dhamana ya miaka 3. Mwanafunzi zinamtosha, mpiga picha za harusi hazimfai.

Diski iliyotumika naiweka ya nne. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako na afungue CrystalDiskInfo, usome asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Ikiwa chini ya asilimia 90, mimi siichukui.

Ya mwisho, ambayo sishauri kabisa, ni ile isiyo na jina inayouzwa kama TB 1 kwa bei ya GB 240. Nyingine zimechezewa zionyeshe ukubwa zisiokuwa nao, na zikijaa huharibu mafaili kimyakimya. Programu ya H2testw, inayoijaza diski kisha kusoma tena kilichoandikwa, huzifichua. Iendeshe programu hiyo diski ikiwa bado tupu.

Hadidiski uliyoitoa usimwachie fundi, kwa kuwa mafaili yako bado yamo. Itie kwenye kava la USB uitumie kuhifadhi nakala rudufu, maana SSD inaweza kufa ghafla bila kutoa mlio wowote wa kukutahadharisha.