Kutembelea marafiki waliohamia ndani ndani ya Dar: daladala, boda na pantoni, uzoefu wangu

Marafiki zangu wengi wa enzi za chumba na sebule pale Sinza na Kijitonyama hawapo tena huko. Kila mmoja alinunua kiwanja kwa kadiri mfuko ulivyoruhusu, akajenga taratibu, akahamia hata kabla ya kuweka dari. Mmoja yuko Chanika, mwingine Kivule, mwingine Goba, mwingine Kibada huko Kigamboni. Mimi bado nimepanga Sinza na gari sina, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayetembelea watu kwa nauli.

Niseme mapema ninachokiamini: safari ya kwenda pembezoni mwa Dar ni safari mbili. Ya kwanza ni ya lami, na hiyo kwa kweli imeboreka. Ya pili inaanzia pale unaposhuka kituoni mpaka getini kwa mwenyeji. Hii ya pili ndiyo inayokula muda, na ndiyo watu wanasahau kuiulizia.

Za lami nitapita haraka. Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake peke yake, ya Barabara ya Morogoro, iliyoanza 2016, imenirahisishia sana Kimara na kuendelea mbele. Jumamosi asubuhi ukielekea Kimara unapata siti, unasoma meseji zako, umefika. Jioni ya siku ya kazi usipande kama unaenda kutembea tu, waachie watu wanaowahi makwao. Na mvua kubwa ikinyesha uliza kwanza, maana Mto Msimbazi ukijaa, pale Jangwani hufungwa na magari hayavuki. Upande wa Barabara ya Nyerere nako, tangu flaiova ya Mfugale ifunguliwe 2018, Tazara si ile ya kukaa kwenye foleni mpaka unaujua ukoo wa jirani yako.

Kwenda Chanika ni daladala, tena za kuunganisha. Unapita Tazara, Airport, Majumba Sita, Banana, Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu, ndipo Chanika. Ukiwa mvumilivu si safari mbaya. Konda anaita vituo, kimya, anagonga bodi, gari linaenda. Kero yangu kubwa ni kukatisha ruti. Kibao mbele kinasema Chanika, lakini mkifika Gongo la Mboto mnasikia "Mwisho hapa, mwisho hapa!" Wengi hushuka wakinung'unika na kuondoka. Mimi nasimama mlangoni mpaka nirudishiwe nauli iliyobaki, na nimegundua mtu mmoja akisimama, wengine nao wanapata ujasiri. Konda anarudisha. Anarudisha huku anakutukana kwa mafumbo, lakini anarudisha.

Sasa tuje kwenye boda, maana hapa ndipo penye mambo.

Kwenda Kivule unashuka Banana, unapanda gari linalopita Kitunda, unashuka kituo ulichoelekezwa. Kuanzia hapo lami huna. Mwenyeji wangu anapiga: "Dada, umefika wapi?" Nikimwambia nimeshashuka, hasemi nyumba iko wapi. Anasema, "Mpe boda simu nimwelekeze." Boda anaipokea, anaibana kati ya helmeti na sikio, anasikiliza kidogo tu, uso unafunguka: "Aaah, kwa Mama Mapacha! Si ungesema! Ile simenti yake niliibeba mimi." Simu inarudi, safari inaanza.

Huo ndio mfumo wa anwani unaofanya kazi huku. Upo na ule rasmi, wa anwani za makazi, uliosukumwa kwa nguvu kuelekea sensa ya Agosti 2022. Vibao vya majina ya mitaa vimesimikwa na nyumba zimepewa namba. Kazi nzuri, siibezi. Lakini nilipomwuliza mwenyeji wangu namba ya nyumba yake alitoka nje kwenda kuisoma ukutani. Boda hahitaji namba. Anajua nani alihamia lini, nani bado anajenga, na mbwa wa nani hafungwi mchana.

Bei patana kabla hujapanda, si baada.

"Mpaka kwa Mama Mapacha?"

"Elfu moja mia tano, sista."

"Mwenyewe kasema buku."

"Buku ni kiangazi. Jana imenyesha, njia ya chini haipitiki, tunazungukia juu."

Na kweli tulizungukia juu. Njia ya chini ilikuwa na bajaji imezama mpaka ekseli, vijana wanaisukuma huku abiria wawili wamekaa ndani wameshika mabegi yao mapajani. Nikaona ile mia tano imekwenda kihalali. Tangu hapo, kuanzia Machi mpaka Mei sivai viatu vya kufunga kwenda Kivule. Navaa kandambili, viatu vinakaa kwenye mfuko, naosha miguu bombani kwa mwenyeji kabla ya kusalimia watu. Hakuna anayeshangaa. Helmeti ya pili dai, hata kama boda anakuambia ni hapo tu.

Nimejaribu pia programu za kuita gari kwa simu. Kutoka Sinza kwenda mjini sina neno. Kwenda Chanika ni kisa kingine. Dereva wa programu moja alikubali safari, akapiga: "Unaelekea wapi, bosi?" Nikamjibu. Kimya kidogo, kisha, "Nakuja, nipe dakika tano." Safari ikafutwa. Siwalaumu sana madereva, maana wakishafika kule hurudi tupu na mafuta ni yao, ila basi waseme. Kwa pesa, kwenda na kurudi Chanika kwa daladala na boda hunigharimu kama elfu sita. Gari la simu liliniandikia zaidi ya elfu thelathini kwenda tu.

Goba ndiko ninakokwenda kwa raha zaidi siku hizi. Zamani ukitaka kutoka Barabara ya Bagamoyo kwenda ya Morogoro ulirudi mpaka Mwenge na Ubungo. Sasa lami inatoka Tangi Bovu inapita Goba mpaka Mbezi Luis, na nyingine inashukia Makongo. Hapo hapo ndipo wageni wanapopotea: Mbezi ziko mbili. Mbezi Beach iko upande wa bahari, Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, ilipo stendi kuu ya mabasi ya Magufuli, iliyochukua nafasi ya Ubungo 2021. Rafiki akikuambia "nakaa Mbezi" usikate simu kabla hajamalizia. Kongowe vilevile, kuna ya Mbagala na kuna ya Kibaha, na kati yake kuna mji mzima.

Kwenda Kigamboni una njia mbili kuu. Daraja la Nyerere la Kurasini, lililofunguliwa 2016, lina urefu wa mita 680 na magari hulipa tozo. Linamfaa mwenye gari au anayetokea Temeke. Mimi nikitokea mjini napanda pantoni pale Magogoni. Maji yenyewe ni dakika chache, unachosubiri ni geti. Likifunguliwa watu wanatoka mbio na ndoo, baiskeli, matenga ya samaki kutoka soko la Feri, na wewe na keki ya watu mkononi. Kaa pembeni uwaache wapite, chombo hakijai kwa sekunde kumi. Kadi ya N-Card, ile ya kulipia nauli, iwe na salio kabla hujafika dirishani, maana foleni ya kuongeza salio ndiyo ndefu kuliko ya kuvuka. Ng'ambo kuna daladala na bajaji za Kibada na Mjimwema, na huku bajaji nazipenda kuliko boda kwa sababu barabara kubwa ni nzuri.

Kuhusu zawadi: nunua matunda Buguruni kama unapita huko, sukari na mkate nunua duka la jirani na mwenyeji. Ukibeba kilo tano kutoka mjini utazilaani kwenye daladala, na mwenye duka wa mtaani naye anataka kuuza. Anakuelekeza nyumba bure.

Kurudi ndiko kunakotaka mpango. Wenyeji wa huku hawakubali uondoke kabla ya chakula cha jioni, na ukianza kuaga, kuna chai. Baada ya saa mbili usiku vijiwe vya ndani vinapungua watu na kutembea peke yako mpaka barabarani sikushauri, hata ukisindikizwa nusu ya njia. Kwa hiyo nikifika tu, kabla boda hajageuza, namwomba namba yake na tunapatana bei ya usiku pale pale getini. Ya Kivule ni elfu mbili. Nikimpigia anakuja, hata mvua ikiwa inanyesha, ila hapo anataka elfu tatu.