Databesi moja au spesi: tiketi za basi Tanga

Wadau, mfumo wetu wa tiketi pale stendi ya Kange ulikuwa na databesi moja tu, siku za kawaida safi, ila wiki ya Idi hata uongeze seva foleni inahamia kwenye databesi, kiduara kinazunguka wee huku abiria kakutolea macho. Ile staili ya spesi sasa (space-based architecture, yaani seva zinashirikiana data kwenye memori badala ya kukimbilia databesi moja), mizizi yake ni Linda, lugha ya kuratibu programu ya David Gelernter miaka ya 1980: kila seva inabeba data kwenye memori yake, zinapeana taarifa zenyewe, databesi inaandikiwa baadaye kimyakimya. Spidi balaa! Ila hiyo memori (RAM) inakula hela, na seva mbili zikiuza siti namba 12 kabla hazijaambizana, wamama wawili wanagombea dirisha. Mi kwa sikukuu nachukua spesi, malipo yabaki databesi.