Sahani ya Secchi ya fundi wa Kirumba, nyota nne

Wadau wenye mabwawa ya sato na mnaofatilia maji ya ziwa, msikimbilie mashine za bei mbaya, mi nilichongesha sahani ya Secchi, kifaa cha kupima maji yanavyoonyesha (uangavu wake), kwa fundi hapa Kirumba, Mwanza, bati la duara sentimita 20, robo mbili nyeupe mbili nyeusi, unaizamisha kwa kamba mpaka isionekane unasoma kina, basi, wazo la Padri Angelo Secchi tangu 1865. Nina miezi minane napima kila Jumamosi mchana, sehemu ile ile, upande wenye kivuli cha mtumbwi.

Utamu uko hapo, namba moja haikwambii kitu ila zikirundikana unaona mwani ukitanda kina kinapungua. Hata furu, wale samaki wadogo wa ziwa, walivyopotea miaka ya 80 sangara alivyojaa, ilijulikana sababu kuna watu walikua wanavua na kuhesabu Ghuba ya Mwanza mwaka hadi mwaka.

Ubaya sasa: rangi imebanduka mwezi wa tatu tu, na kamba ya naironi ikilowa inavutika, kumbe vipimo vya mwanzo vyote uongo, nlichoka! Mwambie fundi akuwekee kamba isiyovutika. Na haikwambii ni mwani gani, hapo utafute hadubini.